Elfu Kumi ya Likizo: Sindano, Uzi na Saa ya Mama

Ukitaka kujua likizo ya watoto inagharimu kiasi gani Dar es Salaam, anza na nauli. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, daladala ya jijini ni shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na bei inapanda kadiri unavyokaa mbali. Mwanafunzi ni 200. Lakini mwezi wa Juni mwanafunzi hana sare, na konda humjua mwanafunzi kwa sare. Mama mwenye watoto wawili atalipia watu wazima watatu, kwenda na kurudi 3,600, hata kabla hawajaomba maji wala askrimu. Huyo ni wa karibu. Wa Chamazi, Mbande, Boko na Bunju wanajua yao.

Nauli nimeitanguliza kwa sababu ndiyo inayosahaulika tunapopanga likizo. Tunalinganisha kiingilio na kiingilio, bei ya mdoli na bei ya mpira, kumbe pesa imeshaishia barabarani. Matembezi matatu ya namna hiyo ni shilingi 10,800. Kwa elfu kumi, mama wa Tandika au wa Tegeta anaweza kuwawekea wanawe watatu vifaa vya kudarizi vitakavyofika hadi shule zifunguliwe Julai, na yeye mwenyewe akapata kipande chake. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tuipige, maana naona familia nyingi za mjini zimeamini kwamba ubunifu wa mtoto ni jambo la wenye gari na geti.

Matembezi yana maana yake, sisemi yaachwe. Kila mtoto wa Dar anastahili siku moja ya Sabasaba, na watu wa Temeke tuna bahati: viwanja viko Barabara ya Kilwa, na maonyesho huangukia likizo. Nenda siku ya kawaida badala ya tarehe 7 yenyewe, uwapitishe watoto taratibu kwenye mabanda ya wajasiriamali na ya vyuo, waone mikono ya watu ikifanya kazi. Kinondoni kuna Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, ambako Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Kunduchi kuna Wet 'n' Wild kwa mwenye uwezo wa kulipia maji ya kuchezea. Ila hizo ni siku moja moja. Zinazobaki, na ndizo nyingi, humezwa na kibanda umiza na simu ya baba. Kiingilio cha kibanda umiza ni sarafu, ndiyo maana hatukihesabu. Bando nalo tunalinunua kidogo kidogo. Ziandike zote mbili kwenye daftari kwa wiki moja tu, halafu ujumlishe.

Elfu kumi zangu nazigawa hivi. Nauli 1,200, kwa sababu Kariakoo naenda peke yangu, mara moja. Nyuzi 4,000. Sindano 1,000. Shuka la mtumba 2,500, na kama kabatini kuna kuukuu, hizo zinahamia kwenye nyuzi. Karatasi ya kaboni, penseli na kifutio 1,000. Zinabaki 300. Huu ni mgawo, si orodha ya bei. Bei za Kariakoo hubadilika mlango kwa mlango, na anayekaa mbali ataongeza nauli kwa kupunguza kitu kingine. Cha kushikilia ni uwiano: pesa kubwa iende kwenye nyuzi, na kitambaa kiwe karibu na bure.

Kwenye kitambaa ndiko watu wengi hupoteza pesa. Mzazi anaingia dukani, anaambiwa tetroni ni imara na haikunjamani, ananunua mita mbili mpya. Ni kweli ni imara, na ndiyo shida yake. Sindano inagoma, kidole cha mtoto wa miaka minane kinauma, na baada ya nusu saa kazi imetupwa kwenye kochi. Mtoto anahitaji pamba iliyolainika kwa kufuliwa. Shuka la tano kwa sita lililochakaa huwa limekwisha katikati, pale watu wanapolala; kingo zake bado nzima, na kingo hizo zinatoa vipande vya kutosha. Kwenye mtumba, mashuka meupe yenye doa ndiyo ya kutafuta, kwa sababu mnunuzi wa kutandika hayataki na muuzaji atakushushia. Doa unalikata na kulitupa. Ukilazimika kununua kipya, uliza upana kabla ya bei. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 inatoa vipande 24 vya sentimita 25 kwa 25. Chenye upana wa sentimita 115 kinatoa 16, na ukanda unaobaki hautoshi kipande kamili. Kama cha pili hakijapungua bei kwa theluthi, si rahisi hata kidogo, muuzaji aseme atakavyosema.

Ipo njia nyingine naipenda kuliko shuka: khanga kuukuu. Khanga ya pamba ina mistari, maua na korosho zilizokwisha kuchapwa. Mtoto asiyejua kuchora hahitaji kaboni wala penseli, anafuata tu ukingo wa korosho kwa mshono wa mnyororo, na kazi yake inapendeza tangu siku ya kwanza. Nyumba nyingi bado zina khanga za enzi za Urafiki, kiwanda kile cha Ubungo kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na pamba yake baada ya kufuliwa miaka yote hiyo ni laini kama ya kubebea mtoto. Omba ruhusa ya bibi kwanza. Kuna khanga ambazo hazikatwi.

Kwa watoto wa chini ya miaka sita, pamba yenyewe ni mapema. Wape kipande cha gunia la katani, uzi mnene wa sufu na sindano butu yenye tundu kubwa. Shazia ya kushonea magunia inafaa ikiwa ncha yake imesagwa kwenye jiwe. Matundu ya gunia yanaonekana kwa macho, mkono mdogo unayapata wenyewe. Kipande hicho hupatikana bure kwa muuza nafaka. Na usiache kupita kwa fundi cherehani wa mtaani kumwombea mabaki ya vitenge. Mafundi wengi huyatupa. Hayo ni nguo za midoli, viraka na vifuko.

Sasa nyuzi. Hapa sibani pesa, kwa sababu uzi mbaya humfanya mtoto aamini kwamba yeye ndiye asiyeweza. Kishada cha kawaida cha uzi wa kudarizi, iwe DMC ya Ufaransa, Anchor, au cha Kichina kinachofuata namba za rangi za DMC, kina mita 8 na nyuzi sita zilizolala pamoja. Hutumii zote sita kwa mpigo. Ukitenganisha mbili mbili unapata mita 24 za kufanyia kazi. Ukitenganisha tatu tatu, mita 16. Mama anayedarizi kwa nyuzi sita anamaliza mara tatu ya uzi anaohitaji, na mshono wake unavimba. Wauzaji wengine watakushauri uzi wa cherehani kwa kuwa roli moja ina mamia ya mita. Ni rahisi kwa mita, lakini ni mwembamba na unajisokota. Mtoto atatumia muda wake wote kufungua mafundo. Zile nyuzi za kung'aa za mashine ya kudarizi ziachie mashine. Zinateleza kutoka kwenye tundu la sindano.

Kuna majaribio mawili ya kufanya pale pale dukani, na muuzaji mstaarabu hatakuzuia. La kwanza ni la rangi. Chagua kishada chekundu, au cha bluu ya kukoza, kwa sababu ndizo zinazochuja. Lowesha ncha ya leso nyeupe kwa maji ya chupa, ukibane kipande cha uzi ndani ya leso, ukisugue kwa kidole gumba huku ukihesabu polepole hadi ishirini. Fungua. Leso ikibaki nyeupe, chukua. Ikitoka waridi, hata kidogo, huo uzi utaharibu kitambaa cheupe siku ya kwanza ya kufua, na mtoto atalia kweli. Muuzaji akisema, “Mama, hiyo haichuji, ni orijino,” mwambie, “Sawa baba, tuijaribu pamoja,” na umpe leso. La pili ni la pamba. Omba kauzi kafupi, toka nje, ukachome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Plastiki hunywea na kufanya kidonge cheusi kigumu. Plastiki haimwagi rangi sana, ila inakwaruza, inateleza na inafungua fundo lake yenyewe.

Je, Kariakoo au dukani mtaani? Tuseme kishada Mbagala Rangi Tatu au Mwenge ni ghali kwa shilingi 200 kuliko Kariakoo. Nauli ya kwenda na kurudi ni 1,200. Maana yake, chini ya vishada sita Kariakoo inakutia hasara, sita ni sare, na faida inaanza cha saba, bado hujahesabu saa zako tatu za foleni. Kwa hiyo nunua mtaani ukihitaji rangi mbili za kumalizia ua. Nenda Kariakoo mwanzo wa likizo, ukiwa na orodha yako na ya majirani wawili, mgawane nauli.

Fremu ya duara ni nzuri lakini si lazima. Inayobana kitambaa hufanya mshono usikunje, na ya mbao inadumu kuliko ya plastiki, ambayo skrubu yake hulegea mapema. Ikishindikana, tia kitambaa wanga. Koroga uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, chovya, kamua, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu. Kinakaa kikavu kama karatasi ya daftari, penseli inaandika vizuri juu yake, na ukikifua baadaye wanga wote unatoka. Gharama yake ni kijiko cha unga.

Maboksi yaliyokamilika, yanayouzwa kwenye maduka makubwa na mtandaoni, yenye mchoro uliochapwa, fremu na nyuzi zilizokatwa kwa kipimo, yanamfaa mtu mzima asiye na muda wa kutafuta. Kwa mtoto sishauri. Kinacholipiwa humo ni mchoro, na mchoro ndio mtoto alipaswa kuufanya mwenyewe. Ukimpa penseli atakuchorea bajaji, samaki, goli la Simba au la Yanga, mwembe wa jirani. Mistari yake ikienda kombo ifuate kombo hivyo hivyo. Nyuzi za boksi nazo zikikatika hakuna za ziada, na unajikuta unarudi dukani kutafuta rangi inayofanana. Cherehani ya kudarizi wala tusiitie kwenye mjadala wa likizo ya mwezi mmoja.

Kuhusu kufundishwa: usikimbilie kulipa. Mshono wa bandi, wa mnyororo, wa shina na wa msalaba unatosha likizo yote, na mtaani kwako hakosi bibi au shangazi aliyefuma vitambaa vya makochi enzi zake. Mpelekee sukari, ukae naye barazani. Video za simuni zinasaidia mama kujifunza usiku watoto wamelala. Zikiwekwa mbele ya mtoto, simu inashinda sindano. Fundi wa mtaani anaweza kumpokea kijana wa miaka kumi na minne kwa asubuhi chache, na kwa aliyemaliza shule anayetaka ufundi wenyewe, VETA Chang'ombe iko hapo hapo Temeke, lakini hiyo ni safari nyingine, yenye ada yake.

Haya yote ni ya fedha, na fedha ndiyo sehemu nyepesi. Kitu ghali katika jambo hili ni saa ya mama. Vifaa vikinunuliwa na mtu mzima akaondoka, vinakaa kwenye kopo la biskuti hadi Desemba. Nimeona nyumba zenye fremu nzuri, nyuzi za rangi zote, na hakuna kitambaa kilichomalizika. Na nimeona nyumba yenye sindano nne na shuka la mtumba ambako kila mtu, hadi baba, ana kipande chake. Tofauti ni kwamba pale pa pili mtu mzima anakaa chini na kudarizi cha kwake. Hasimamii. Anashona.

Saa hiyo inatoka wapi kwa mama anayeamka usiku kukaanga vitumbua, au anayerudi kazini saa moja jioni? Wanaoshona kofia za mkono huko Zanzibar na Lamu walishalijibu swali hili. Kofia ya vito, yaani vitundu vilivyozungushiwa uzi, inaweza kuchukua wiki nyingi hata miezi, na wengi wa wanaoishona ni wanawake wenye nyumba, wapishi wa nyumba hizo hizo. Kazi yenyewe imepangwa kwa vipande: duara la juu na ukanda wa pembeni, kila kimoja kinadariziwa peke yake, kidogo, cheupe, kinaingia mkobani. Unatoboa na kuzungushia vito vichache wakati maharage yanachemka, unaweka, unarudi. Kitambaa cha meza cha mita mbili hakiruhusu hivyo. Ndiyo maana nasisitiza vipande vya sentimita 25. Mtoto anakimaliza, anaona mwisho wake, na wewe unashona safu mbili ukisubiri maji yajae ndoo.

Ukipanga saa maalumu, chagua kati ya chakula cha mchana na madrasa ya alasiri. Asubuhi ni ya kazi za nyumbani na ya kukimbia, na usiwanyime watoto kukimbia. Jioni haifai: Juni jua la Dar linazama karibu saa kumi na mbili na robo, na kudarizi kwa taa ya njano ni kuumiza macho. Nje kivulini, kwenye mkeka, upepo wa kusi ukivuma, ndiyo hali ya hewa bora ya mwaka kwa kazi hii. Vidole havitoi jasho, na uzi mweupe haupati rangi ya mkono. Likizo ya Desemba haina neema hiyo. Kuwe na sheria moja tu ya mkeka: sindano zinahesabiwa zikitoka na zikirudi, na anayehesabu ni mtoto mdogo kuliko wote anayejua kuhesabu. Dakika arobaini zinatosha. Wakitaka zaidi, wape.

Watoto wa kiume wakae mkekani pia. Mafundi cherehani wengi tunaowapa vitenge vyetu ni wanaume, hakuna sababu ya kijana wa miaka tisa kuambiwa sindano si yake. Na dada wa kazi apewe kipande, uzi wa rangi aliyoichagua mwenyewe, na zile dakika arobaini ziwe zake kweli, asiitwe kuosha vyombo katikati. Mara nyingi yeye mwenyewe ni msichana aliyeacha utoto juzi, na likizo ya watoto kwake ni kazi kuongezeka.

Siku ambazo sindano imewachosha, kuna michezo inayokwenda na vifaa vile vile. Mdako hauna gharama. Wanaweza kushona kifuko cha kuwekea kete zake, chenye herufi ya mwenyewe. Mdoli wa matambara unakula mabaki yote ya fundi. Gari la waya linataka kofia ya dereva. Rangi za kupaka zinavutia, na Kinondoni ina historia yake: Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya mbao bapa za ujenzi, akiuza Oysterbay karibu na Morogoro Stores, vifaa ambavyo vilikuwa vya fundi yeyote wa mtaani. Lakini kwa bei za kulinganisha, rangi za mafuta zinadai pia mafuta ya kusafishia brashi, zina harufu kali, hazitoki kwenye nguo, na kopo likiachwa wazi limekwisha. Kwa watoto wadogo kipande cha mkaa na upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana vinawatosha kuchora kabla ya kushona.

Wapo watakaosema, basi watoto watengeneze vya kuuza. Mwaka huu waacheni. Mtoto akianza kuhesabu bei ya kila ua, atachagua ua rahisi.

Kazi moja tu yenye faida ya fedha ndiyo ninayoiweka mwishoni mwa likizo, wiki ya kwanza ya Julai, mikono ikiwa imeshazoea. Kila mtoto anadarizi jina lake kwenye sweta la shule, ndani ya kola, na kwenye mfuko wa begi. Jina la herufi sita, kila herufi ikiwa na urefu wa sentimita moja na nusu, kwa mshono wa shina na nyuzi mbili, halimalizi hata nusu ya kishada kimoja. Kalamu ya wino hufutika kwa kufuliwa, na nembo ya mashine inalipiwa kwa kila nguo. Anayepoteza sweta kila muhula ajue kwamba la mwaka huu alilishonea mwenyewe.